Siku Waliyopishana Njiani

Wajukuu wananiuliza zamani tuliwasilianaje bila simu. Nawajibu kwa mkato: tulitumana. Mtu alibeba ujumbe kichwani, akatembea, na akifika alianza na salamu, aulizie watoto, ng'ombe na mvua, ndipo aseme kilichomleta. Wanaona ni mambo mazuri. Sina nguvu ya kuwasimulia yote, kwa hiyo nayaandika.

Nilizaliwa Nyakunguru, nikaolewa Mbalibali. Kwa mila yetu mwanamume haonani uso kwa uso na mama mkwe wake, na dada za mama mkwe wamo humo humo. Wakikutana, mmoja anaacha njia, wanapeana mgongo, wanapita. Kama kuna neno la kuambiana, linapitia kwa mtu wa tatu. Ndiyo heshima niliyolelewa nayo.

Mwaka huo mwanangu wa pili alishikwa na homa, nikalazwa naye hospitalini Mugumu. Siku hizo hizo baba yangu alizidiwa kule Nyakunguru. Akawa anauliza jambo moja tu, binti yangu yuko wapi. Mama hakuweza kumwacha, akamtuma mdogo wake aje kunichukua. Mama mdogo hakujua kama niko hospitalini. Alidandia lori la mahindi, akashuka Mugumu, akaipita hospitali niliyolala, akashika njia ya Mbalibali kwa miguu.

Mume wangu naye alikuwa anatoka Mbalibali kuniletea uji wa mtoto. Walikutana mahali pasipo na nyumba wala mtu wa tatu. Mama mdogo akaingia kwenye nyasi, akajifunika kanga usoni. Mume wangu akainamisha kichwa, akapitia upande wa pili. Yule ana ujumbe wangu, huyu anakuja kwangu, na hakuna aliyefungua mdomo.

Alipoingia wodini nilimuuliza habari za njiani.

"Nzuri. Nimepishana na mama yako mdogo."

Nikafurahi. Nilidhani amesikia mtoto anaumwa, anakwenda kunisaidia kazi za nyumbani. Nilimnywesha mtoto uji, nikalala vizuri kuliko siku zote za wiki ile.

Mama mdogo alifika kwangu miguu imevimba, akaambiwa na jirani kwamba mume wangu ametoka asubuhi hiyo kunipelekea chakula Mugumu. Jirani anasema alikaa chini akaanza kujikanda miguu. Alifika wodini kesho yake mchana, na safari hiyo hakuulizia ng'ombe wala mvua. Lori tulilipata siku iliyofuata. Tulipofika Nyakunguru, baba alikuwa ameshazikwa. Mjumbe hauawi, nasi hatukumwambia mama mdogo neno baya.

Sasa mume wangu na mama mdogo wanaongea kwenye simu karibu kila Jumapili. Kwenye simu hawaonani, wazee wakaona hakuna ubaya. Wanasalimiana kirefu, wanaulizana bei ya mahindi, wanacheka. Mimi nakaa pembeni nachambua mchicha, na roho inaniuma. Niliwahi kumuuliza mume wangu kwa nini siku ile hakumuuliza hata neno moja.

"Ningemkosea adabu mama yako," alisema.

Mama mdogo naye alinijibu hivyo hivyo, karibu kwa maneno yale yale. Ni kweli. Kila mtu alifanya alivyofundishwa, na hilo ndilo linalonichosha. Angekuwepo mkosaji, ningemkasirikia mwaka mmoja au miwili, kisha nikamsamehe yakaisha. Baba aliniulizia hadi mwisho, na sina wa kumdai.

Jumapili iliyopita walipomaliza maongezi yao, mume wangu alininyooshea simu, akasema mama mdogo anataka kunisalimia.

"Mwambie nimelala."

Akanitazama nilivyokaa na ungo wa mchicha mapajani. Kisha akairudisha simu sikioni, akamwambia nimelala.