Msalaba wenye Punje za Wimbi

Jumapili iliyopita, kanisani Tororo, niliona misalaba aliyotengeneza mdogo wangu kwenye shingo tatu, na wa nne alikuwa ameuvaa mke wa katekista. Sala ikanipotea. Rafiki yangu, wivu ni aibu kwa mtu mzima, lakini mimi ninao, tena najua ulikoanzia.

Ulianzia kijijini Mwello, nyuma ya nyumba ya babu. Babu alinunua pistoni kuukuu za malori kule Malaba, akaziyeyusha na kutengeneza miiko na sufuria. Mdogo wangu alichekecha mchanga wa mtoni wa kumiminia madini, mimi nilivuta mivukuto mpaka mabega yakaniuma. Tukimaliza, nyanya alituita tunywe uji wa wimbi wenye ndimu, wa moto wa kuunguza ulimi. Babu naye kazi yake kufoka: "Mchanga ukiwa na maji, madini ya moto yatawarukia machoni, nyinyi watoto!"

Mwaka mmoja, Pasaka ikikaribia, babu alituruhusu kila mmoja atengeneze msalaba wake, na nyanya akaahidi kuvaa mmojawapo kwenda kanisani. Nilitaka uwe wangu. Mimi ndiye mkubwa, bwana! Nilichonga umbo la msalaba kwa mti, nikalikandamiza mchangani, babu akamimina madini kwenye alama yake, na msalaba ulipotoka nikausugua kwa jivu siku mbili, ukang'aa. Mdogo wangu, mtoto wa miaka tisa, alikuwa amemsikia katekista akieleza habari za mbegu inayokufa ardhini ndipo izae. Basi akabonyeza punje za wimbi kuzunguka umbo lake, akazitoa moja moja, zikaacha vishimo mchangani. Msalaba wake ulitoka umepinda kidogo, na pembeni una vijinundu vidogo kama mmea unaochipua.

Nyanya aliubusu. "Huu unasali wenyewe," akasema. Kisha akanigeukia. "Na wewe mama, umesugua vizuri."

Umesugua vizuri! Kama vile nimeosha vyombo!

Kesho yake babu alitoka kwenda kuchukua mkaa, akaacha chungu cha kuyeyushia motoni. Niliingia ndani, nikauchukua ule msalaba mezani, nikautumbukiza chunguni. Ukayeyuka palepale. Babu aliporudi alimimina yote, ukatoka mwiko. Mdogo wangu alilia, akatafuta mpaka chini ya kuku wanaoatamia. Pasaka nyanya alivaa wangu. Nilikaa karibu naye kanisani, na wala sikufurahi.

Leo babu na nyanya hawapo, na pale tulipokuwa tukiyeyusha jirani amepanda maharagwe. Mimi najaza karatasi za forodha za malori mpakani. Mdogo wangu ana meza yake ya kazi Busia, anatengeneza misalaba, na mapadri wanamwagiza pete.

Juzi nilimpitia. Nilimkuta ameinama, punje za wimbi kiganjani.

"Dada," akasema, "ule alioubusu nyanya umenishinda kabisa. Miaka yote hii najaribu, hautoki. Unaukumbuka ulivyokuwa?"

"Tulikuwa watoto," nikamjibu. "Nimeshasahau."

Nikaaga, nikasema malori yananisubiri. Uongo mtupu. Naukumbuka kila kinundu. Tumebaki wawili tu tuliouona, na mpaka leo sijaweza kumwambia kwamba ulikuwa mzuri kuliko wangu.