Kibodi yangu ya chaki

Jamani, leo kompyuta zimefika shuleni kwetu Ndera, na darasa langu zima limezikataa.

"Mwalimu, hizi ni mbovu. Herufi zimevurugika!"

Yampayinka, aibu gani hii!

Mwaka mzima nimewafundisha kwa kibodi niliyoichora ubaoni mwenyewe. Niliipanga A, B, C mpaka Z. Tena kwa kujiamini!

Fundi aliyezileta alicheka mpaka akakaa chini. Nanyi chekeni tu.

Hapo ndipo nikamkumbuka Uwase. Kwenye mtihani alichora kibodi kama ya shangazi yake, anayechapia watu barua kule Muhima. Nikampa sifuri. Kwa kalamu nyekundu.

Nimemwomba msamaha mbele ya wenzake.

"Si kitu, Mwalimu. Shangazi alisema nisikubishie, huenda hujawahi kugusa kibodi ya kweli."