Karoti za Bugarama

Leo sokoni nimenusa majani mabichi ya karoti, nikajikuta tena utotoni, ndani ya gari la baba. Tulikuwa tumemzika mama kijijini kwao, tunarudi Bujumbura. Bugarama, juu mlimani, kulikuwa na ukungu. Muuzaji aliyetuzoea akaja dirishani.

"Papa, nikufungie karoti za mama, kama siku zote?"

"Funga," baba akasema.

Akazifunga mbele ya gari, zipate upepo. Tukateremka kona baada ya kona, breki zikinuka, masikio yakiziba, hadi ziwa likatokea chini, jeupe kama bati. Siku nyingine ningelipigia kelele za furaha. Nililitazama tu. Joto la mjini likaingia.

Nyumbani baba alizifungua, akasimama nazo mlangoni mwa jiko.

"Mama yako alikuwa anaziweka wapi?"

Nami sikujua.