Mluzi wa Kulwa

Siku ile ilianza kama siku nyingine zote za kupanda mlima. Kulwa alinikuta nimekaa juu ya jiwe najikanda miguu, akanicheka.

"Mwangaluka, tajiri! Milima imekukataa?"

"Milima gani ya kunikataa mimi? Beba, twende."

Niseme mapema, nisije nikaonekana mnyonge. Mimi nimejitengeneza mwenyewe. Shule niliiacha darasa la nne, na leo malori yanayoshusha mchele wa Igunga pale Gongoni, hapa Tabora, ni ya kwangu. Mtaji wake niliubeba begani. Tulikuwa tunachukua chumvi ya Uvinza, tunashuka nayo Kigoma, tunavuka ziwa kwa boti, halafu tunaipandisha milima ya Kongo kwa miguu. Ni njia ya mababu zetu Wanyamwezi, ila wao walibeba pembe za ndovu kwenda pwani, sisi tukaelekea upande wa pili. Wenye vyeti vyao waliogopa. Mimi na Kulwa, mume wa dada yangu Mwajuma wa Itetemia, tulikwenda.

Tulibeba kwa mzegazega kama wazee: mti begani, kiroba mbele, kiroba nyuma. Huko juu kabisa kuna bonde la wafugaji, baridi inauma hata kukiwa na jua, na ng'ombe wa kule wana kiu ya chumvi kuliko ya maji. Desturi yetu ilikuwa hii: tukifika ukingo wa bonde, Kulwa anatia vidole mdomoni anapiga mluzi, mrefu, unapanda halafu unakatika ghafla. Anamwaga chumvi kidogo juu ya jiwe bapa. Ng'ombe wanakuja mbio, wenyewe wanakuja nyuma yao, biashara inaanza. Mimi nilijaribu mluzi ule mara nyingi. Ng'ombe walikuwa wananitazama tu, wanaendelea kula majani.

Siku hiyo hakuupiga. Tulipofika ukingoni tuliona moshi chini, na haukuwa moshi wa jikoni.

Mama Nyota, ambaye kwake ndiko tulikozoea kulala, alikuwa anapanda mlima na majirani zake, watoto migongoni, wengine wanaburutwa mkono.

"Musishuke!" alisema. "Watu wa bunduki wako chini. Wanachoma, wanakusanya ng'ombe."

Ni watu wa nani, sikujua siku ile na sijui hadi leo. Kila niliyemuuliza alinitajia kundi lingine.

Tuliingia nao kwenye msitu wa mianzi. Viroba hatukuvitupa, mpagazi hatupi mzigo, ndivyo tulivyolelewa. Mvua ikanyesha. Viroba vikalowa, maji ya chumvi yakawa yanadondoka njia nzima nyuma yetu, na hakuna aliyeliona hilo.

Tukalala kifudifudi. Watoto wakafunikwa midomo.

Kisha nikasikia kengele.

Ng'ombe waliotawanyika walikuwa wanakuja, vichwa chini, wanaramba njia tuliyopita. Mmoja akaingia kwenye mianzi, akasimama karibu na kichwa changu, akalia.

"Baba," Mama Nyota alininong'oneza, "ng'ombe zinafuata chumvi yenu. Na wale wanafuata ng'ombe."

Sauti za wanaume zilikuwa zinapanda.

Kuiacha chumvi pale ilikuwa ni kuwakusanya ng'ombe juu ya vichwa vya watoto. Ilibidi iondoke. Nikashika mti wangu. Kulwa akanizuia mkono.

"Wewe mluzi huna, shemeji. Watakukodolea macho tu."

Alichukua viroba vyangu akavibandika juu ya vyake. Mti ukapinda. Mimi nina mabega kumshinda, kila mtu Itetemia anajua, lakini mabega siku ile hayakuwa na kazi.

"Mwambie dada yako nimemtoroka na ng'ombe," akasema.

Akapotea kwenye ukungu.

Mluzi ulisikika ng'ambo ya ukingo. Yule ng'ombe akainua kichwa. Akageuka. Kengele zote zikageuka.

Mluzi wa pili ulikuwa mbali zaidi.

Sauti za wanaume zikaufuata.

Mluzi wa tatu ulipanda, na kabla haujafika pale unapokatika, bunduki zikalia.

Hakuna mtoto aliyekufa kwenye ile mianzi. Wale watu walipoondoka na ng'ombe, nilikwenda kumtafuta Kulwa. Nilikuta jiwe alilomwagia chumvi limerambwa hadi linang'aa. Mti wake sikuuona. Damu sikuiona. Nilizunguka nikiita mpaka Mama Nyota akanishika shati, akanishusha hadi ziwani.

Nilipofika Itetemia, Mwajuma alikuwa analima. Sikujua pa kuanzia, nikaanza na ujumbe niliopewa. Alicheka, maana ndivyo Kulwa alivyokuwa akisema. Halafu akanitazama miguu, akaona nimekuja peke yangu.

"Ulimwona kwa macho yako, kaka?"

"Nilimsikia."

"Sikukuuliza hilo."

Matanga hayajakaliwa mpaka leo. Masheikh wamemwendea, mimi nimemwendea, na maneno huwa hayaniishii, lakini kwake yananiishia. Nimemjengea nyumba ya bati. Nimemnunulia ng'ombe wa maziwa. Chumvi anampa mwenyewe, kiganjani, kimya kimya. Na wachunga ng'ombe wa pale amewakataza kupiga mluzi karibu na uzio wake.