Manju Aliyemwitikia Hasimu Wake

Herman Jilala, manju wa ngoma yetu ya Wagika kule Kishapu, tangu aote ndevu hakuwahi kuitikia wimbo ulioanzishwa na mtu mwingine. Kanisani alinyamaza. Hata kwenye harusi ya bintiye alinyamaza. Kwetu Usukumani ngoma ni mashindano: Wagika upande huu wa uwanja, Wagalu upande ule, na watazamaji hukimbilia kwa anayewakosha. Manju akiitikia wimbo wa upande wa pili amekwisha, bora auze ngoma zake anunue jembe. Mimi nilimpigia ngoma miaka kumi na sita, na nakiri tulikuwa wajinga wa kutupwa.

Mwaka wa themanini na nne mvua ikatugomea. Mbuke, dada yake Jilala, mjane mwenye watoto watano, akawa anawachemshia mlenda bila ugali. Ndipo kamati ya njaa ikaamua turekodi wimbo wa kuomba msaada, usikike redioni nchi nzima. Katibu wa kamati, Bibi Melania, mwalimu mstaafu asiyejua lolote kuhusu ngoma, akamwita Jilala pamoja na Marcel, manju wa Wagalu, waimbe wimbo mmoja.

Wimbo mmoja! Mama yule alikuwa na moyo mzuri, lakini siku ile nilitamani kumfungia stoo.

Tulikutana Shinyanga mjini, kwenye ukumbi wa shule. Asubuhi nzima iliishia kwenye kupima kwa kamba, ili kipaza sauti kisisogee kwa Wagalu hata kidole kimoja. Kisha Jilala akakipaka dawa yake ya kuvuta watu. Marcel akaja akapaka yake juu. Fundi wa mitambo wa redio alipokiinamia, alipiga chafya mpaka miwani ikadondoka.

"Shikamoo wazee wangu," akasema akifuta machozi. "Utepe uliobaki unatosha wimbo mmoja, na gari letu linaondoka saa nane."

Wakaanza, wote wawili kwa pamoja, kila mmoja na wimbo wake.

"Tusaidieni, tuna njaa," akaimba Jilala, "ila Wagalu msiwape, wameshazoea!"

"Leteni mahindi," akaimba Marcel, "na manju mwenye sauti, wa Wagika sauti yake imeota kutu!"

Hakuna aliyeitikia. Fundi akafuta, wakarudia. Akafuta tena.

"Nani ataitikia?" akauliza Bibi Melania.

"Yule," wakasema wote wawili.

"Mzee Jilala, tafadhali."

"Yaya, mayu. Hapana, mama, siwezi."

Bibi Melania akafunga daftari lake. "Basi nitaandika kwamba Kishapu hakuna njaa. Wenye njaa hawana nguvu za kugombana namna hii."

Jilala akakaa chini juu ya ngoma yangu. Akaniambia polepole, "Mbuke hajala tangu juzi." Kisha akasimama. "Marcel, anzisha."

Marcel alishtuka hata akasahau maneno. Alipoyakumbuka aliimba, na Jilala akamwitikia kwa lile lisauti lake lote, bila kumtukana hata mara moja. Nililia, na sikuona haya.

Wimbo ukapigwa redioni. Wiki ya tatu magunia yakafika, na wiki hiyohiyo nusu ya wachezaji wetu wakahamia kwa Marcel.

Tulikwenda kwa Mbuke, tukawakuta watoto wanakula ugali wa njano wa mahindi ya msaada. Mbuke hakutusalimu.

"Nimekusikia redioni," akamwambia kaka yake. "Ulimwitikia Marcel."

"Mlikuwa na njaa, Mbuke."

"Tulikuwa na njaa, ndiyo. Lakini tulikuwa Wagika." Akamsukumia sahani, akampa mgongo.

Binti yake mdogo, shavu limejaa ugali, akaanzisha wimbo ule, sehemu ya Marcel, kisha akamtazama mjomba wake akisubiri. Mbuke akamkaripia anyamaze. Jilala akameza tonge, akaitikia.