Baba, Niongeze Majivu

Kisa hiki nimekisimulia mara mbili, na mara zote mbili nimeiruka sehemu ya friza. Leo siiruki, kwa sababu aibu uliyoieleza nusu haiondoki (yangu haijaondoka, hunirudia kila nikisikia jirani akifunga mlango), na kwa sababu ninyi mliocheka mliposikia nusu ya kwanza mnastahili kujua mlikuwa mnacheka nini.

Kwanza yale ya kueleza, ili asipotee mtu. Sisi ni Wayahudi. Najua wengi hamjawahi kumwona Mkikuyu Myahudi, lakini kwetu Nyandarua tupo, familia chache ambazo wazee wao waliisoma Torati wakaifuata, na mimi nikazaliwa humo. Mengine nimejisomea mwenyewe usiku na mchana, kama nilivyojisomea ufundi wa mitambo ya baridi ulionileta Doha. Tunakaa Muaither, katika villa moja iliyogawanywa ikawa makao matano: mimi, mke wangu Rahel, Hadasa mwenye miaka tisa na Ezra mwenye miaka sita. Wakenya wenzetu hapo walituona hatupiki Jumamosi na hatugusi kamba wa baharini, wakaamua kwamba sisi ni Wasabato, na mimi sikuwasahihisha. Sikuogopa sheria ya mtu yeyote. Niliogopa maswali tu, maana mimi ni mtu wa kujibu swali kwa ukamilifu, na swali hilo lingenichukua jioni nzima.

Kila kiangazi tuna siku tisa za maombolezo, zinazoishia siku tunayokumbuka kubomolewa kwa Hekalu. Siku hizo, hadi saa sita mchana wa kesho yake, hatuli nyama wala kuku. Hatunyoi ndevu, hatuvai nguo iliyotoka kufuliwa, hatupigi muziki, hatuendi kuogelea kujifurahisha. Siku ya tisa yenyewe mtu mzima hufunga kula na kunywa tangu jua linapotua hadi usiku wa siku inayofuata. (Sabato iliyo katikati inaruhusu nyama, lakini mimi niliamua tusile hata siku hiyo, ili watoto wasichanganyikiwe. Rahel angekuwepo angenikataza.) Niseme pia, kwa kuwa nimeamua kusema yote, kwamba nyama iliyochinjwa kwa sheria yetu sijaipata hapa, na mwaka mzima tunakula kuku wa dukani kama watu wengine, jambo ambalo nimejitafutia sababu zake nikaziandika. Labda ndiyo maana zile siku tisa nilizishika kwa meno.

Mwaka huo Rahel alikuwa Kenya kwa likizo ya wiki tatu, shule zimefungwa, na chakula cha jioni kikawa kazi yangu. Nikachora jedwali kwenye daftari: siku tisa, chakula rahisi cha dakika thelathini, nani anakula nini na nani hali. Jedwali lilikuwa safi. Watoto ndio hawakulifuata. Jioni ya kwanza nilipika githeri, Ezra akachambua mahindi moja moja akayapanga ukingoni mwa sahani, maharagwe akayafunika kwa karatasi kama maiti. Ya pili dengu na chapati, wakala chapati. Ya tatu makaroni na jibini, Hadasa akasema jibini linanuka soksi, na mdogo wake, ambaye alikuwa ameshaanza kula, akatema. Chipsi mayai ndiyo pekee iliyopita bila kesi, lakini mimi nilikuwa nimeipanga mara moja tu, na mtu aliyepiga mistari kwa rula haibadilishi ovyo.

Sasa lile kosa dogo. Nikiwa kazini, watoto walishinda kwa Mama Stacy, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa Kakamega mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto na roho ya kumpa huyo mtu chakula akifika. Miaka minne alikuwa akinitunzia watoto, na mimi na Rahel tukimtunzia Stacy wake zamu zikigeuka, na hakuna aliyewahi kuandika nani amemlea wa mwenzake mara ngapi. Asubuhi ya kwanza, nikifunga viatu, niliwaambia watoto wasile nyama kwake. Hadasa akauliza, "Akituuliza kwa nini?"

Basi la kampuni lilikuwa linapiga honi. Nikasema, "Semeni tu baba amesema nyama imeisha nyumbani."

Ndiyo hiyo. Maneno machache, na viatu bado havijafungwa.

Hadasa ni mtoto wa kutii, tena kwa ukamilifu (karithi kwangu). Mama Stacy alipokaanga kuku na Ezra akasimama mlangoni mwa jiko akimeza mate, akaulizwa kwa nini hali, na dada yake akajibu niliyofundisha, kisha akaongeza yake: "Hatuwezi kula mpaka siku tisa ziishe." Siku tisa kutoka siku ile, mjue, ilikuwa karibu kabisa na siku ya mshahara.

Sasa nitazameni kwa macho ya Mama Stacy. Kampuni nyingi zilikuwa zinapunguza watu mwaka huo. Mke wangu ameonekana akipanda gari la uwanja wa ndege na masanduku matatu, na kila mtu hapa anajua kwamba mwanaume mwenye tatizo humtanguliza mke nyumbani. Gari langu limeegeshwa wiki nzima halitoki, kwa sababu kiyoyozi chake kimekufa mwezi wa Julai na mimi, fundi wa viyoyozi, sijapata siku ya kukitengeneza. Ndevu zimeota. Shati ni lile lile la juzi. Alipojitolea kuwapeleka watoto kuogelea pamoja na Stacy nikasema hapana, asante, labda wiki ijayo, na sikutoa sababu. Redio iliyozoea kulia kwetu imenyamaza. Na watoto wanasema nyama imeisha. Mtu mwenye macho mawili angesema nini?

Siku ya sita alinisimamisha kwenye ngazi. "Baba Hadasa, kazi iko sawa?"

"Iko sawa."

"Sawa sawa, ama sawa ya kusema tu?"

"Mama Stacy, niko sawa. Ni kipindi tu. Kitapita."

Akanishika mkono akasema, "Kitapita, ndugu yangu. Mungu si Athumani." Nikashangaa kidogo kwa nini macho yake yamejaa maji, nikaingia ndani kupika mseto wa ndengu ambao hakuna aliyeula. Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na ngazi nzima na hakuna basi lililokuwa likipiga honi.

Jumatano ilikuwa mkesha wa siku ya tisa. Kabla ya jua kutua tunakula mlo wa mwisho kabla ya mfungo, nao ni mlo wa msiba: unakaa sakafuni, unakula yai la kuchemsha na mkate uliochovywa katika majivu. Watoto hawalazimiki. Mimi niliona ni nafasi nzuri ya kuwafundisha. Nikatoa majivu kwenye chetezo cha udi, nikayachekecha, nikaweka kijiko kimoja kwenye kisahani, nikazima taa kubwa, tukakaa chini kwenye vigae watatu, bila viatu, kila mmoja na yai lake. Na hapa naomba mniamini: Ezra, aliyekataa githeri, dengu, makaroni na mseto, alichovya yai kwenye majivu, akatafuna, akachovya tena.

Mlango ukagongwa na kufunguliwa kwa pamoja, kama Mama Stacy alivyozoea.

Hakuwa peke yake. Nyuma yake alikuwa Mzee Barasa, msimamizi wa walinzi na mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Wakenya, amevaa koti la suti katika joto lile, na nyuma yake wanawake wawili wa jumuiya wamebeba kasha la barafu kila mmoja kwa upande wake, na mwisho kabisa Stacy, ameshika mfuko wa mchele kwa mikono miwili. Walituona. Sakafu, giza, miguu mitupu, mayai matatu, kisahani.

Ezra akasema, "Baba, niongeze majivu."

Mmoja wa wale wanawake akasema "Woi" na kugeukia ukutani. Mama Stacy akaketi palepale kizingitini na kulia kwa sauti ile yake. Mzee Barasa alivua kofia.

"Baba Hadasa," akasema, "mpaka majivu? Na sisi tuko hapa?"

Nikasimama. Nilifungua mdomo, na naapa nilikuwa na maelezo, yamepangwa vizuri, lakini Mzee Barasa alikuwa ameshanikumbatia na kuanza kuomba, na mtu hakatizi maombi ya mzee. Aliomba kwa ajili ya kazi yangu. Aliomba kwa ajili ya mke wangu aliyerudishwa, kwa ajili ya mabosi wangu wenye mioyo migumu, kwa ajili ya kiburi cha wanaume wanaoficha njaa. Nilipofumbua jicho moja nilimwona Hadasa akinitazama, akingoja. Nami, maombi yalipokwisha, nilisema neno ambalo silisamehe. Nilisema, "Amina. Asanteni sana. Mungu awabariki."

Niliona ni rahisi zaidi. Nilifikiri nitawarudishia kwa njia nyingine, kimyakimya, baada ya wiki moja au mbili, na niliweza hata kuliona jedwali lake.

"Hawa kuku wasiharibike," Mama Stacy akasema, akijifuta macho kwa kanga, akaburuta kasha mpaka jikoni. "Walikuwa wa besdei ya Stacy Ijumaa, lakini nimeongea naye, amekubali. Wageni tumewaambia wasije. Si ndiyo, Stacy?"

"Ndiyo," Stacy akasema. Angetimiza miaka kumi. Alikuwa anautazama mfuko wa mchele.

Nikasema, "Mama Stacy, acha, nitapanga mwenyewe." Nikasema kwa haraka mno. Tayari ameufungua mlango wa friza.

Friza yangu ina droo tatu. Katika zote tatu mlikuwa na kuku, niliowanunua kwa punguzo kabla ya siku tisa kuanza, kila mmoja katika mfuko wake, umefungwa kwa utepe, na juu ya kila utepe nimeandika kwa kalamu nyeusi, kwa herufi kubwa zisizotoka: WA KUOKA. WA MCHUZI. MAPAJA TU. Na kwenye droo ya juu karatasi: USIFUNGUE KABLA YA IJUMAA SAA SITA MCHANA.

Alisoma yote. Akafungua droo ya pili, akasoma. Baridi ilikuwa inatoka ikimpiga miguuni, naye ameshika kuku wa mtoto wake mkononi, na hapakuwa na mahali pa kumweka.

"Kumbe," akasema.

"Naweza kueleza."

"Baba ndiye alisema tuseme imeisha," Hadasa akasema kutoka sakafuni, si kwa ubaya, bali kama mtoto anayesaidia. "Haijaisha. Sisi ni Wayahudi, tuko kwenye maombolezo, ndiyo hatuli. Baba, si uwaambie?"

Basi nikawaambia. Nilieleza Hekalu, nikaeleza ndevu na shati, nikaeleza kiyoyozi cha gari, nikaeleza likizo ya Rahel, kwa mpangilio mzuri, nikiwa bila viatu. Wale wanawake wawili walikuwa wanaangalia chini. Mzee Barasa alirudisha kofia kichwani, polepole.

"Sasa si ungesema?" akauliza. "Hapa tuna Waislamu, tuna Wakatoliki, tuna yule wa Busia anayeabudu sijui nini. Nani angekula wewe?"

Mama Stacy alimrudisha kuku wake kwenye kasha, akafunga mlango wa friza. Mwishowe akasema, "Mimi sijali unasali wapi. Nilikuuliza kwenye ngazi. Nilikuuliza mara mbili."

Nikamwambia sherehe bado inawezekana, kwamba Ijumaa kuanzia mchana sisi tunaruhusiwa nyama, kwamba tungekuja sote, kwamba kuku wangu pia ni wake. Yote yalikuwa kweli. Ijumaa ile jioni tungekaa mezani kwake tukala kuku wa Stacy bila kosa lolote, kama ningekuwa nimeeleza siku ya kwanza kwa sentensi moja ndefu kidogo kuliko ile niliyochagua. Akanitazama kama fundi anavyotazama kifaa ambacho hakifai kutengenezwa.

"Watu nimeshawaambia jirani ana njaa," akasema. "Sasa niwaambie nini? Niwaambie alikuwa anatucheka na friza imejaa?"

Wakabeba kasha lao. Stacy aliuacha mchele mezani, akarudi, akauchukua. Jua lilikuwa limeshatua wakati wa yale maombi, na yai langu lilibaki na alama ya jino moja. Nikafunga siku ile nzima nikiwa sijala, na sikuisikia njaa hata kidogo.

Sherehe haikufanyika. Hadasa alipeleka zawadi, ikapokelewa mlangoni. Rahel aliporudi aliomba radhi kwa niaba yangu, akaambiwa hakuna neno, na kweli hakuna neno lililobadilika isipokuwa moja. Watoto wetu sasa hushinda kwa mlezi wa kulipwa Al Thumama, mwendo wa karibu nusu saa, na nikikutana na Mama Stacy kwenye ngazi hunisalimu kwa heshima zote. Zamani alikuwa ananiita Baba Hadasa. Siku hizi husema, "Habari yako, jirani."

Nimechora jedwali jipya la siku tisa za mwaka huu. Safari hii chipsi mayai iko mara nne, na Ezra ameahidi dengu mara moja, kwa sharti la kuwekewa majivu kidogo pembeni (nimemkatalia). Lakini juu ya siku ya kwanza nimeacha mstari mmoja mtupu, na ndani yake nimeandika kwamba kabla ya kuwasha jiko nitavaa viatu, nitagonga mlango wa Mama Stacy, na nitasema sisi ni nani. Najua anajua. Nitasema hivyo hivyo, na watoto wote wawili wakiwa wamesimama kando yangu.