Migomba kwenye Rweya

Kijiji chetu kilikuwa chini ya jabali, upande wa Muleba, na maji yaliporomoka kutoka juu mchana na usiku. Kwa hiyo sote tulisema kwa kelele. Hata siri za ndoa zilipigiwa kelele, na kijiji kizima kikazijua. Tulipokwenda Bukoba kununua chumvi, mwenye duka, Mhindi mmoja mzee, alitusikia tungali umbali wa kilomita tano. "Watu wa maporomoko! Niko hapa, siko Uganda!"

Ukaja ujamaa, tukahamishiwa juu kwenye rweya, uwanda wa nyasi ambako tulikuwa tukikata za kutandaza sakafuni. Hakuna aliyewahi kulala huko ila ng'ombe aliyepotea. Afisa alisema tujenge kwa mstari, mstari ni mzuri. Tukasema ni mzuri.

Baba alipanda jabali na machipukizi ya migomba kichwani, safari nane. Mimi husema themanini. Kwetu mzee asiye na kibanja, yaani shamba la migomba kuzunguka nyumba yake, si mzee, ni mpita njia.

"Baba watoto, hapa ni changarawe tupu," mama alimwambia.

"Hata kule babu alianza na changarawe."

"Babu alikuwa na ng'ombe."

Baba hakuwa na ng'ombe. Aliomba samadi kwa watu, akaibeba kwa kikapu kila asubuhi, mwaka wa kwanza na wa pili. Jirani alimtania, "Mzee, mgonjwa wako ameamkaje?"

"Njoo umsalimie, anakula kuliko wewe!"

Mkungu wa kwanza ulipokomaa, ndizi zake zilikuwa kama vidole vya mtoto mchanga, na hapo nimeziongezea. Mama alizimenya zote, akazipika na maharage. Maharage yalikuwa mengi zaidi. Tulikula. Nilingoja kuhuzunika, sikuhuzunika; niliwaza tu kwamba jioni nina darasa la watu wazima na sina penseli.

Baba alinawa mikono. "Kesho tupande mihogo."

Mihogo kwetu ilikuwa chakula cha njaa. Mama aliondoa sahani.

Asubuhi tuliing'oa migomba, baba na mimi. Nilidhani itatutoa jasho, lakini ilitoka kwa mkono mmoja. Mizizi ilikuwa imekwenda kiganja kimoja tu chini. Kufika saa nne palikuwa peupe. Baba alipima mstari kwa kamba, tukaanza kuchimba matuta.